Kiti cha Sita

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilimpeleka mama hospitali ya mkoa kusafishwa damu. Figo zake zilikuwa zimegoma. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili kwa sababu hiyo. Hapakuwa na mwingine wa kumshika mkono.

Chumba kilikuwa na viti sita na mashine sita. Sista aliita jina, mgonjwa akapanda mizani, Sista akautaja uzito kwa sauti, na karani aliyekaa upande wa pili wa kidirisha akaandika alichosikia bila kuona. Kisha mgonjwa aliunganishwa kwenye mashine kwa saa nne. Asiyesafishwa hujaa maji mwilini, na mizani haifichi.

Mama alikaa kiti cha tano. Cha sita kilikuwa cha Mwalimu, mzee mstaafu asiye na mtu wa kumsindikiza. Alikuwa akinitungia hesabu kwenye daftari langu.

"Njoo, profesa," aliniita. "Figo ndizo zimestaafu, kichwa bado kiko kazini."

Alifariki Jumapili. Tulimzika tukiwa watu watano.

Jumanne, Sista alimwinamia mama. "Dada, wakubwa wameleta barua. Wagonjwa wakiwa chini ya sita, mashine zinahamishiwa hospitali kuu."

"Huko ni mwendo wa siku nzima," mama alisema. "Mara tatu kwa wiki? Nitafia njiani."

"Najua. Kwa hiyo nyamazeni."

Aliwaita wagonjwa mmoja mmoja. Alipomaliza, akaita, "Mwalimu!"

Alitaka kubuni uzito. Hakuhitaji. Mshale wa mizani ulijisogeza wenyewe, ukatulia kwenye sitini na moja. Juu yake hapakuwa na mtu.

Alhamisi, sitini na nne. Nyayo zenye maji zilitoka kwenye mizani mpaka kiti cha sita.

Jumamosi, sitini na nane. Mto wa kiti ulibonyea taratibu, kama mtu mzito anapokaa. Wagonjwa wengine walifumba macho. Sista aliendelea kuita. Karani aliendelea kuandika.

Jumanne iliyofuata, sabini na tano. Maji yalidondoka chini ya kiti. Tone. Tone. Mama alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ananiuliza," alinong'ona.

"Nani, mama?"

"Mwalimu. Anauliza mbona yeye haunganishwi."

Nilimfuata Sista kwenye sinki. "Sista, nakuomba, usimwite tena."

"Nikiacha, mwanangu, mama yako ataenda wapi?"

Nilimtazama mama. Alikuwa mdogo kwenye kiti kile, kama nguo iliyosahauliwa. Sina mwingine duniani.

"Basi muunganishe," nilisema.

Sista alifunga mirija mipya. Aliilaza pale ambapo mkono wa mtu ungekuwa. Akawasha mashine. Ilipaswa kupiga kengele, kwa kuwa haikushika mtu.

Haikupiga.

Polepole, mirija ikawa myekundu.

Saa nne zilipita. Maji yaliacha kudondoka. Mashine ilipozimwa, mto ulijaa tena, na mshale wa mizani ukapanda kutoka sifuri.

"Mwalimu," Sista alisema kuelekea kidirishani. "Sitini na moja."

Chumba bado kipo. Mama bado anapumua. Hatujamwambia mtu. Siku hizi naketi juu ya ndoo niliyoipindua katikati ya kiti cha tano na cha sita, kwa sababu hakuwahi kuwa na wa kumsindikiza, na mimi najua kukaa peke yako kunavyokuwa.

Jioni ile alipounganishwa mara ya kwanza, nilipofika nyumbani, nilifungua daftari. Hesabu ya mwisho aliyonitungia nilikuwa nimeimaliza siku tuliyomzika. Haikuwa na wa kuisahihisha.

Ilikuwa imesahihishwa. Alama ya vema, kubwa, nyekundu. Chini yake, hesabu mpya.

Niliigusa ile alama kwa kidole. Ilikuwa vuguvugu.