Mraba Usio na Vumbi

Kifuniko cha sufuria kiligonga gizani, mara moja. Inspekta Costancia akainua kichwa. Panya tu. Anayeishi peke yake hana mwingine wa kumsingizia. Hapo hapo simu ikaita kutoka Mikumi: mlinzi wa gesti amekufa.

Alifika kumekucha. Marehemu Bonifas alikuwa amelala kifudifudi kwenye korido, kitambaa kibichi puani. Hewa bado iliwasha koo. Nje, katikati ya nyumba za watu, kulikuwa na lori la mitungi ya klorini, dawa ya kusafishia maji. Koki iliyovuja ilikwishafungwa.

"Mbona alilala chini?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, afande," alijibu Konstebo Elia. "Ukizidiwa na moshi, lala, tambaa."

"Huo ni moshi wa moto, mwanangu. Klorini ni nzito, inakaa chini. Angepanda kilimani, angekuwa hai."

"Angejuaje? Lori halina alama. Na mpango wetu wa dharura ni wa moto tu."

"Basi leo hii nenda msikitini na kanisani, watu waambiwe."

Costancia alizunguka lori. Nyuma lilijaa vumbi, isipokuwa mraba mmoja safi wenye matundu manne ya boliti.

Dereva, Zabron, alikuwa kituoni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kibao cha fuvu, alama ya sumu, kiko wapi?"

"Kilidondoka njiani."

"Na boliti zikarukia mfukoni mwako? Konstebo amezikuta zote nne."

Zabron akainama.

"Lori la kemikali linalazwa yadi, nje ya mji," alisema mwishowe. "Mgambo wakiliona fuvu, wananifukuza. Nikakifungua kibao, nikakitupa korongoni. Koki sikuzikagua. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya mwanamke?"

"Ya mtoto, afande. Mama yake alifariki. Analelewa na dada yangu, pale kilimani juu ya gesti. Mwaka mzima napita barabarani tu, napiga honi, matajiri wenye lori hawasubiri. Nikasema leo nilale kwangu, anizoee."

"Na Bonifas?"

"Ndiye aliyenionyesha pa kuegesha. Aliniuliza, 'Kaka, umebeba nini?' Nikamwambia mbolea."

Vyumba visivyo na pumzi ya mtu wa pili Costancia alivijua.

"Upweke nakuelewa," alisema. "Ule uongo, hapana. Bonifas naye alikuwa na watu wa kurudi kwao."

Walipomtoa Zabron na pingu, dada yake alikuwa amesimama getini, kamshika mkono yule mtoto, Paulina. Costancia aliwaashiria askari wasubiri.

"Msalimie baba," shangazi alinong'ona.

Mtoto aliziangalia pingu, kisha akauangalia uso ule kwa muda mrefu.

"Mimi naijua honi yake tu."