Wasichana Ishirini Waliokuwa Mtu Mmoja

Na ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye viatu na wenye ndala, kwamba Bweni la Tatu lilikuwa na Waziri wa Afya. Mheshimiwa huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, soksi mbili zisizojuana, na cheo alichojipa mwenyewe siku aliyokabidhiwa ufunguo wa kabati la sabuni.

Kila asubuhi kengele ilipolia, wasichana walibeba ndoo hadi kwenye bomba la tangi nyuma ya bweni. Waziri alitangulia akihutubia: "Ndugu wananchi, nawa uso kwanza, siasa baadaye!" Kisha alipitia dirisha la jikoni, ambako mpishi mkuu alikuwa akimwekea kipande cha mkate kilichoungua.

"Shika, Mheshimiwa," mpishi alikuwa akisema. "Ukinenepa usinisahau."

Muhula ule ugonjwa wa tumbo ukaingia shuleni. Leo wawili, kesho saba, na wengi wao walikuwa wa Bweni la Tatu. Nesi akamwomba mwalimu wa hisabati amsaidie kutafuta chanzo. Mwalimu akatunga fomu ya maswali manne: unakunywa glasi ngapi za maji ya bomba la bweni lenu kwa siku, unakula milo mingapi ya jikoni kwa wiki, unanawa mikono mara ngapi, na umeumwa siku ngapi.

"Nitapima mnavyotofautiana, jibu kwa jibu, yote manne kwa pamoja," alieleza darasani. "Wanaokaribiana nitawaweka kundi moja. Halafu tutauliza, kundi lenye wagonjwa wengi lina jambo gani la pamoja?"

"Na asiyefanana na mtu yeyote, Mwalimu?" Waziri aliuliza.

"Huyo huonekana upesi sana. Kaa chini."

Waziri alikabidhiwa fomu za Bweni la Tatu ili awahoji wenzake ishirini, mmoja mmoja. Kwa bahati mbaya jioni ile kulikuwa na mechi ya netiboli, na kazi ya taifa haishindani na mechi. Akaketi pembeni ya uwanja, akajaza fomu zote ishirini kati ya bao na bao. Rafiki yake wa kitanda cha chini, aliyeitwa Sisimizi kwa udogo wake, akachungulia.

"Wee, mbona mimi hujaniuliza?"

"Nakujua kama kiganja changu. Milo ishirini na moja, glasi mbili, umeumwa siku tatu. Bao hilo!"

"Mimi nakunywa glasi nane."

"Sasa nani atakuhesabia?"

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Kundi la wagonjwa lilikuwa la watu wasiokosa mlo hata mmoja na wasiogusa sana maji. Basi kosa ni la jikoni. Mpishi mkuu aliitwa ofisini. Alipotoka alivua aproni, akaikunja mara nne kama anayeiweka sandukuni, akaiacha juu ya ngazi. Waziri alimwona kupitia dirisha. Alijiambia kwamba hesabu hazidanganyi.

Mpishi mpya alikuja, lakini ugonjwa wa tumbo haukuondoka na yule wa zamani. Wiki ya pili Sisimizi alibebwa kupelekwa hospitali, midomo imemkauka, macho yamezama. Siku hiyo mwalimu wa hisabati alimwita Waziri, akamtandazia mezani karatasi yenye nukta, kila nukta mtu mmoja.

"Mabweni mengine watu wametawanyika," alisema. "Huyu glasi moja, yule tisa. Bweni lako, wasichana ishirini wamesongamana kama nyuki. Nilidhani ni ugonjwa uliowakusanya, na hapo nilikosea mimi. Hata wale mapacha wa Bweni la Kwanza hawakaribiani hivi."

"Labda tunapendana sana, Mwalimu."

Mwalimu hakucheka. "Hawa si watu ishirini. Ni mtu mmoja, amekaa mahali pamoja, na ana haraka. Ni nani?"

Waziri aliziangalia soksi zake.

Jioni hiyo fomu zilijazwa upya, kitanda kwa kitanda, Waziri akiuliza na mwalimu akiwa amesimama nyuma yake. Makundi yakabadilika. Waliokunywa maji mengi ya bomba lile ndio walioumwa zaidi, wale wa mlo mmoja kwa siku na wale wa mitatu sawasawa. Fundi alipanda juu ya tangi, akakuta mfuniko umepasuka, na ndani panya wawili walioanza kuoza. Tangi lilisafishwa, maji yakachemshwa, na baada ya wiki ugonjwa ukaisha. Sisimizi alirudi amekonda, mtihani wa muhula umempita.

Mwalimu alimchukua Waziri hadi nyumbani kwa mpishi kuomba radhi na kumrudisha kazini. Mpishi aliwakaribisha viti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kazi nishapata, mwanangu, nafua mashuka hospitalini," alisema. "Ila sokoni bado naitwa yule aliyewalisha watoto sumu. Na hilo utalijazia fomu?"

Hakukuwa na kipande cha mkate.

Njiani kurudi shuleni mwalimu alisema: "Hesabu haina macho. Ukiilisha uongo, itaupanga vizuri, itaupa kundi na jina, na watu wazima tutauamini. Kila nukta kwenye karatasi yangu lazima iwe mtu aliyeulizwa. Wewe ulimfuta rafiki yako ukaandika namba, na namba hazipelekwi hospitali. Kayaandike haya yote, wenzako wayasome."

Yameandikwa. Mwalimu ameyasoma mpaka hapa. Amezungushia neno "Waziri" duara jekundu kila lilipotokea, na pembeni ameandika: *Nani huyu? Usimfiche tena nyuma ya watu.*

Ni mimi, Mwalimu. Wote ishirini walikuwa mimi.