Aliyeitika Mumbai

Tulitoka kutafuta kufuli la begi, basi. La zamani lilikatika njiani, na Jayshree akaapa haendi kutalii mji mzima huku begi lake liko wazi. Ilikuwa siku yetu ya pili Mumbai. Jua lilikuwa linazama.

Jayshree ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Kwao wana duka la vitambaa Morogoro mjini, mimi nauza iliki na mdalasini sokoni, mzigo unaoshuka kutoka kwetu Matombo. Miaka kumi na miwili tulikuwa tukisema "tutaenda, tutaenda", mpaka watu wakachoka kutusikiliza. Mwaka huu tukaenda kweli. Tulifikia kwa mama yake mkubwa, ghorofa ya sita.

Kufuli tulilipata mapema. Bahari ilikuwa jirani, tukaenda kukaa kwenye ukuta wa ufukweni pamoja na watalii wengine. Watu! Sijui wote wanalala wapi. Tukanunua bisi za mchele zilizochanganywa na vitunguu, ndimu na pilipili. Jayshree akawa ananipiga picha na kunicheka kwamba nimekaza uso kama napigwa picha ya kitambulisho.

Ndipo nikasikia harufu ya ugoro.

Ugoro, na majani ya mgomba yaliyolowa. Pale ufukweni, katikati ya harufu ya chumvi na mafuta ya kukaangia.

"Mwaisha..."

Sauti ya kizee. Nyuma yetu. Taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Mimi si Mwaisha. Mimi ni Asia. Mwaisha alikuwa bibi yangu, mama yake mama, aliyefariki Machi kule Matombo. Katika ukoo wetu jina la marehemu haliachwi bila mtu. Siku ya arobaini ukoo hukaa, mrithi hukalishwa kwenye kigoda, na mjomba humwita kwa jina la marehemu. Akiitika "abee", basi, jina ni lake, shamba ni lake, na chochote kingine alichokuwa nacho marehemu. Na bibi alikuwa na vingine. Shamba lake lililimwa mpaka juu mlimani, na hakuna aliyewahi kuona kibarua akilima. Watu walinong'ona, lakini mbele yake walimwamkia kwa adabu zote.

Mimi nilikalishwa kwenye kigoda. Mjomba Sufiani akaniita mara tatu. Nikanyamaza mara tatu. Kisha nikainuka, nikapangusa gauni, nikarudi zangu mjini. Sikuogopa, nilikasirika. Mtu hawezi kuniachia uchawi wake kama anayeniachia sufuria.

"Mwaisha..."

Nikanyamaza. Nilishazoea.

Lakini Jayshree! Shuleni, nikichelewa na mwalimu akaita majina, yeye ndiye aliyekuwa akiniitikia, pua ameibana. Mpaka leo mtu akiniita dukani kwao, yeye huwahi kuitika. Habari za kigoda nilimsimulia zote, akazicheka zote. Basi akageuka, mdomo umejaa bisi.

"Abeee! Yupo huku, bibi, amekuja kutalii!"

Nilimfinya mkono. Nilikuwa nimechelewa.

Nyuma yetu hapakuwa na kizee yeyote. Alikuwepo muuza maputo, na baba mmoja amebeba mtoto begani. Harufu ikakatika ghafla.

"Na wewe umesikia?" nikamnong'oneza.

"Nimesikia. Si Mtanzania mwenzetu huyo?"

"Jay... huku nani ananijua kwa jina la bibi?"

Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Asubuhi nilimtikisa mara nne ndipo akafumbua macho. Alikuwa amelowa jasho. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, vyote viwili, chini ya kila kidole. Na ndani ya kucha...

Udongo mwekundu.

Nikaunusa. Nimekulia juu ya udongo ule, hakuna wa kunidanganya. Mama yake mkubwa akaapa kwamba mlango una makomeo matatu na hakuna hata moja lililoguswa.

"Nimeota nalima," Jayshree akanong'ona. "Asia, mimi sijawahi kushika jembe maisha yangu yote."

Asubuhi iliyofuata malengelenge yalikuwa yamepasuka. Ya tatu, hakuweza kushika kikombe cha chai. Daktari aliandika dawa ya kupaka na kuuliza kama mgonjwa ni mkulima. Macho ya rafiki yangu yaliingia ndani, na mchana akawa anasinzia akiwa amekaa wima, mikono inainuka na kushuka yenyewe. Inainuka... inashuka. Nilianza kuogopa kwamba nitamrudisha Morogoro ndani ya sanduku.

Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Ahsante kwa vibarua."

"Vibarua gani?"

"Hao wanaolima shamba la bibi. Siku ya tatu leo, kila tukiamka tunakuta matuta mapya. Si wewe uliyewatuma?"

Nikakaa sakafuni. Nikamweleza yote, kuanzia bisi mpaka malengelenge.

"Mwenye damu yetu akiitika, anakuwa mwenye shamba," akasema kwa sauti ya chini. "Asiye na damu yetu akiitika... anakuwa jembe. Atalimishwa mpaka..."

"Mpaka nini?"

"Jembe linalimishwa mpaka lini, Asia?"

Nilikata simu bila kuaga. Mjomba wangu, kaka yake mama! Mzee mzima anajua jambo kama hilo, na siku ile ya kigoda alikaa kimya ananitazama. Hasira iliyonipata sina mizani ya kuipimia.

Jioni ile nikamvika Jayshree viatu mwenyewe. Alikuwa mwepesi. Nikamshika kiunoni, tukapanda teksi mpaka kwenye ukuta ule ule.

"Tunaenda wapi?" aliniuliza, macho ameyafumba.

"Tumekuja kutalii. Tutatalii."

Tukakaa. Jua likashuka. Watu wakapita, wakapita.

Harufu.

Mikono ya Jayshree ikaanza. Inainuka... inashuka...

"Mwaisha..."

Mdomo wake ukafunguka. Nikaufunika kwa kiganja. Akaniuma. Aliniuma mpaka damu, yule mtu asiyekula hata yai, na sikuondoa mkono.

"ABEE!"

Nilipiga kelele mpaka muuza maputo akageuka. Sikujali. Mumbai nzima igeuke kama inataka.

"Mwaisha ni mimi! Damu yangu, jina langu, shamba langu! Na mwenye shamba ndiye anayesema nani alime. Huyu halimi!"

Kimya. Hata bahari sikuisikia.

"Na nani... atalima?"

Sauti ilikuwa sikioni sasa. Pumzi yake ilikuwa baridi, na yenye maji.

"Mimi. Mchana, kwa jembe la dukani, watu wote wakiniona. Na ukiwa na neno jingine njoo mbele yangu, bibi. Usiniite kwa nyuma kama kibaka."

Kitu kizito kikanilalia begani. Mkono, nafikiri. Ukakaa muda wa pumzi tatu au nne. Halafu nikasikia kikohozi chake, kile kikohozi chake cha ugoro nilichokijua tangu utotoni, kinaenda mbali... mbali... kikapotea kuelekea majini.

Jayshree akafumbua macho. "Mbona mkono wako unatoka damu?"

"Umeniuma."

"Mimi?" Akatema mate mara tatu. "Bibi wee, mimi ni mtu wa dengu!"

Nikacheka huku nalia. Sikuona haya.

Alilala saa kumi na tatu, akaamka na kucha safi. Zilibaki siku nne. Mama yake mkubwa alitaka tubadilishe tiketi turudi upesi, nikakataa. Sikuweka akiba miaka kumi na miwili ili mchawi anikatishie safari. Tuliona lango kubwa la mawe, tukapanda boti kwenda kwenye mapango ya kisiwani, tukapotea sokoni, tukagombana kwa sababu ya ramani. Usiku nililala fofofo.

Tuliporudi, nilinunua jembe Morogoro, na siku ya pili yake nikapanda gari kwenda Matombo.

Matuta ya Jayshree niliyajua mara moja. Yamepinda, mafupi, mengine hayana kichwa wala mguu. Nilisimama pale nikimwonea huruma na kumcheka kwa pamoja.

Lakini pembeni yake kulikuwa na matuta mengine. Yamenyooka. Mabichi ya siku ile ile.

Nikainama. Nyayo za watu, peku, nyingi. Zinaingia shambani. Hazitoki.

Nikazifuata moja baada ya nyingine, mpaka nikafika kwenye unyayo mmoja wa kushoto wenye vidole vinne.

Mama yangu alikatwa kidole kidogo cha mguu wa kushoto na jembe mwaka niliozaliwa. Alikufa nikiwa na miaka tisa, kwa homa ya siku mbili, na bibi ndiye aliyemfumba macho. Binti yake wa kumzaa, akamfanya msukule!

Sikulia. Nililia baadaye.

Mjomba Sufiani alisimama ukingoni, hathubutu kukanyaga. "Lichome," akasema. "Au liuze. Usiwaamshe hao."

"Ulijua mama yumo humu?"

Akatazama chini. Hilo lilinitosha, na sijamwamkia mpaka leo. Shamba sikulichoma wala sikuliuza. Jua lilipoanza kuzama nikasimama katikati ya matuta, jembe begani, nikasema kwa sauti ya kutosha:

"Wote mnaolima hapa, mimi ndiye Mwaisha. Kazi imekwisha. Nendeni makwenu."

Upepo haukuvuma. Jani halikutikisika. Nikatandika ukingoni khanga mpya, na juu yake nikaweka ndala jozi moja, saizi ya mama. Nikashuka kwenda kulala.

Asubuhi khanga haikuwepo. Ndala hazikuwepo. Kwenye matuta hapakuwa na unyayo mpya hata mmoja. Alama za ndala zilishuka mteremko, polepole, zikipumzika mahali, mpaka kwenye barabara ya kuja Morogoro mjini. Na nyuma ya ndala, zikizifuata, nyayo za watu peku. Niliacha kuhesabu nilipofika arobaini.

Hiyo ilikuwa juzi, nami nikarudi kwangu mjini kwa gari. Kutoka Matombo kwa miguu ni siku mbili, kwa mtu asiye na haraka.

Jayshree amepiga simu mara tano. Anasema niende nikalale kwao, nani ajuaye hao wengine ni akina nani na wanakuja kutaka nini. Kweli sijui. Nimemwambia siendi popote. Nimepika wali sufuria kubwa, nimetandika mikeka yote niliyonayo. Tangu alasiri nasikia harufu ya udongo mbichi uani, na mbwa wa jirani wamenyamaza.

Komeo la mlango nimeling'oa.