Kitambaa Chekundu Kwenye Mpini

Fundi cherehani alikuwa na mkasi ambao mtu mwingine hakuruhusiwa kuugusa. Aliufunga kitambaa chekundu kwenye mpini, kama onyo.

"Huu ni wa nguo tu," alimwambia mumewe, fundi rangi, wiki waliyooana. "Ukikatia karatasi, utakuwa butu. Ukiwa butu, utaondoka wewe, mkasi ubaki."

Jikoni mambo yalikuwa kinyume. Walikuwa na kisu kimoja tu, walichopewa na mama mkwe. Fundi cherehani alikisugua kwenye ngazi ya saruji mpaka makali yakaisha. Kwa makusudi kabisa! Aliogopa kujikata, maana vidole vyake ndivyo vilivyowalisha.

"Kisu butu hakina madhara," alisema.

Kisu chenyewe kilikuwa hakikati nyanya. Kiliibembeleza.

Jioni ya Jumatano roho ilikuwa juu. Gauni jeupe la bibi harusi lilitakiwa Jumamosi asubuhi, na lesi ya shingoni ilikuwa bado. Fundi akakata kitunguu harakaharaka. Kisu hakikuingia. Akakandamiza. Kikateleza juu ya ganda, kikatua kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

"Mamaa!"

Mumewe alikuja mbio, brashi ya rangi mkononi. Jirani yao naye akaingia bila hodi. Huyu alikuwa mpishi wa hospitali, na mtaa mzima ulimwita Mama Mwiko. Alikiosha kidole kwa maji safi na sabuni, akakibana kwa kitambaa safi mpaka damu ikakata.

"Hujaumia sana," alisema. "Damu ingekataa kukoma, saa hizi tungekuwa njiani kwenda hospitali."

"Dada, nitashonaje? Tone moja tu kwenye gauni lile, nimekwisha!"

"Nimeona seti dukani," mumewe akadakia. "Visu kumi na viwili, ndani ya sanduku linalong'aa!"

"Kumi na viwili? Kimoja tu kimenifanya hivi. Hivyo kumi na viwili si vitanimaliza?"

Mama Mwiko alikiinua kile kisu, akapitisha macho kwenye ubapa wake. "Nani amekiua hiki?"

"Mimi. Ili kisinikate."

"Haya, mdogo wangu. Mkasi wako wa nguo ukiwa butu, inakuwaje?"

"Hauendi. Nasukuma kwa nguvu, unateleza, unakwenda unakotaka we..." Akakitazama kidole.

"Enhe," alisema Mama Mwiko. "Kesho twende dukani."

Kesho yake muuza duka aliwapokea na lile sanduku. "Mama, seti hii ina mpaka kisu cha jibini!"

"Na jibini yenyewe iko humo humo?" aliuliza Mama Mwiko. "Tuletee vitatu, baba. Kikubwa cha mboga na nyama, kidogo cha kumenyea, na chenye meno cha mkate. Kwa kuanzia vinatosha."

Fundi alikishika kikubwa.

"Kishike kama unakata," Mama Mwiko alimwelekeza. "Kinakulemea?"

"Kidogo."

"Rudisha, jaribu kingine. Mpini ujae mkononi na usiteleze. Sasa utikise. Ukicheza, achana nacho. Angalia na chuma: kiingie mpaka mwisho wa mpini, kisiishie mlangoni kama mgeni mwenye haya."

Walinunua vitatu, na jiwe la kunolea.

Nyumbani, Mama Mwiko alitandika kitambaa kibichi chini ya ubao wa kukatia ili usitembee. "Kunja ncha za vidole, kama unapiga hodi. Kisu kiguse vifundo, kisione kucha. Polepole, hakuna anayekufukuza."

Fundi alikunja vidole, kile kilichofungwa kikakaa nyuma ya wenzake. Akashusha kisu bila kukandamiza. Nyanya ikagawanyika kimya kimya. Akakata tena.

"Usivizamishe kwenye beseni la povu," Mama Mwiko aliongeza, akiwa mlangoni. "Mkono utaingia bila kuviona. Osha kimoja kimoja, kausha, weka mbali na watoto wa wageni. Kikianza kuteleza kwenye nyanya, kinoe."

Siku mbili zile fundi alishona taratibu, kidole kikiwa ndani ya bandeji safi. Kila mishono kumi aliikagua lesi. Jumamosi asubuhi gauni lilitoka mlangoni jeupe pepepe.

Mchana huo fundi rangi alitaka kufungua kopo la rangi. Kifuniko kiligoma. Akaingia jikoni, akanyoosha mkono kwenye kile kisu kikubwa, mkono ukabaki hewani. Mpini ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu.

"Nakuona!" sauti ilitoka kwenye cherehani.

Akaenda kutafuta bisibisi.