Niliupima Uso wa Dada Yangu

Nina umri wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Niliondoka kwetu kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, nikarudi na diploma ya utunzaji wa ngozi, niliyoisomea siku zangu za mapumziko huku wenzangu wamelala. Sikusaidiwa na mtu! Nilipofungua chumba changu cha urembo, cheti nilikitundika mahali ambapo kila aingiaye angekiona kabla hajaniona mimi.

Nasema sikusaidiwa... lakini aliyenilea ni dada yangu, Mwanaesha. Mama alitutoka nikiwa na miaka sita, naye dada alinizidi kwa miaka kumi na mitano. Alikuwa mwalimu wa Kurani wa mabinti. Tangu alipovunja ungo, hakuna mwanamume wa nje aliyewahi kuuona uso wake. Ila ndani, kati ya wanawake, alikuwa mtu wa kucheka! Kicheko chake ulikisikia toka kichochoroni, kabla hujapiga hodi.

Wateja walinipa taabu, hawakuiamini kazi yangu. Siku moja harusini, jirani yetu Bi Salma alinitania mbele ya watu: "Shoga, hiyo diploma yaondoa uzee? Basi mbona hujaanza na wewe?" Wakacheka wote. Niliumia...

Nikaapa kuwaonyesha ushahidi. Krimu za retinoidi, zile za jamii ya vitamini A, si uchawi. Hupunguza mikunjo polepole, kwa miezi, na mwanzoni ngozi huwa nyekundu na kutoka maganda. Ukitaka ukweli, unapima. Nusu ya uso unapaka krimu, nusu nyingine mafuta ya kawaida, kisha unapiga picha kwa mwanga uleule na umbali uleule. Nilihitaji uso wa mtu mzima. Nikamwomba dada.

"Picha hizo ataziona nani?" aliniuliza.

"Mimi tu, dada. Wallahi!"

Akakubali. Kila Jumamosi asubuhi alikaa karibu na dirisha, akavua mtandio, nami nikapiga. Shida ilikuwa kicheko chake. Uso unaopimwa hautakiwi kucheka, maana kicheko hukunja ngozi na kuharibu kipimo. Nilimkemea kama mtoto. Naye alijibu, "Haya, daktari, nshakufa. Piga!"

Baada ya miezi sita niliweka rula juu ya picha nikahesabu. Kando ya jicho la kulia, mikunjo sita ilikuwa imebaki minne. Kushoto, sita ileile. Krimu ilikuwa imefanya kazi! Niliruka kwa furaha.

Wiki hiyohiyo Bi Salma aliandika kwenye kundi letu la simu, "Mwenye diploma amepotelea wapi?" Damu ilinichemka. Nikakata picha mbili, ya kwanza na ya mwisho, nikaacha sehemu ya jicho hadi kidevu tu, nikazituma. Si kundi ni la wanawake watupu? Nani angejua ni nani?

Nilisahau kidoa cheusi chini ya mdomo wake, ambacho kila mwanamke wa mtaani alikijua... Nilisahau pia kwamba simu za wanawake hushikwa na waume na wana wao. Kufikia alasiri picha zilikuwa mtaa wa Wiyoni. Kesho yake, kijiji cha Matondoni.

Dada alijua siku ya tatu. Baba wa mwanafunzi wake mmoja alimsalimia mlangoni kwake: "Mashallah, mwalimu, umerudi msichana!"

Nilipoitwa, nilimkuta ndani kwake, sisi wawili tu, amevaa nikabu. Mbele yangu mimi! Hakunigombeza.

"Kusamehe nimekusamehe, Rukia," alisema. "Lakini uso wangu nilikuamini nao, hukuutunza. Sikupi tena."

Akafunga darasa lake. Mwaka mzima na zaidi nilikwenda kwake na chakula, nikapiga magoti, nikalia. Alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti, akaniuliza hali. Chakula alikila nikishaondoka. Mara nyingine nilikisikia kile kicheko toka kichochoroni... nikapiga hodi... kikakatika. Nikiingia, nikabu iko usoni.

Shinikizo la damu lilimchukua ghafla. Alikuwa ameacha wasia kwamba aoshwe na wanafunzi wake wa zamani, wawili aliowataja kwa majina. Mimi, ndugu yake wa damu, nilikaa nje ya mlango nikisikia maji yakimwagwa.

Wasomaji wenzangu, cheti bado kiko ukutani, na kazi yangu naijua kuliko wengi hapa mjini. Lakini nawasihi, mtu akikufunulia uso wake, hata kwa dakika moja, hajakupa uwe wako. Usiutume popote kwa ajili ya kumnyamazisha mtu. Bi Salma alinyamaza siku mbili tu!

Nimebaki na picha ishirini na tano za dada. Mwanga mmoja, umbali mmoja, zimepigwa kitaalamu. Nimezipitia moja moja nikitafuta hata moja ambayo anacheka...

Hakuna. Nilimkataza mwenyewe.