Vizibao vya Bwana Miwani

Fundi alikuwa kwenye cherehani yake kama kawaida, mguu kwenye pedali, pini mdomoni. Chumba kilijaa. Mdogo wake alikuwa amekimbilia kwake na watoto, baada ya watu wenye bunduki kuvamia kijiji chao. Magodoro yao yaliegemezwa ukutani.

Mteja mmoja, waliyemwita Bwana Miwani, alikuwa ameleta oda nono: vizibao vya kitambaa kigumu, vyenye mifuko kifuani. "Vya mafundi umeme," alisema. Kwa oda hiyo, Fundi angempangia mdogo wake chumba.

"Dada, kitendawili!" mdogo wake akasema, akikata uzi.

"Tega."

"Mfuko huu haumezi simu, haumezi koleo, mkono wenyewe unakwama."

Fundi akacheka. Kisha akaacha. Akachukua koleo, akalijaribu. Halikuingia. Mfuko ulikuwa mrefu, mwembamba, umepinda kidogo. Fundi umeme gani huyu?

"Na mbona alituambia tushone mlango umefungwa?" mdogo wake akauliza.

"Usinitie wasiwasi, mama wewe. Tunataka chumba."

Lakini wasiwasi ulishaingia. Fundi akamwita jirani yao Nesi, anayehudumia wodi ya majeruhi. Nesi akakigeuzageuza kizibao.

"Hapa hukaa magazini ya bunduki, ile inayobeba risasi. Majeruhi wengine huletwa wamevaa hivi hivi."

"Bunduki? Sisi tunashona nguo tu!"

"Ndiyo biashara yenyewe, mwenzangu. Bunduki nyingi hutoka nchi za mbali. Kiwanda kinapata faida. Dalali anapata yake, kwa karatasi za uongo. Dereva anasema nimebeba mashine. Wewe unasema nimeshona nguo. Halafu anayekimbia na godoro ni nani?"

Mdogo wake akakisukuma kizibao pembeni. "Walionifukuza kwangu, nikae hapa niwashonee?"

"Twende polisi," Nesi akasema.

"Na kama hao polisi ndio waliomtuma?" Fundi akauliza.

"Ndiyo maana hatuendi mmoja mmoja. Tunaenda na mwenyekiti wa mtaa. Mnunuzi halali ana kibali, haoni haya kukionyesha. Wewe usimfokee Bwana Miwani, usimfuate. Simamisha kazi tu."

Simu ikalia. Bwana Miwani. "Vipi, tayari?"

"Bado, baba. Sindano zinakatika, kitambaa chako kigumu."

Kituoni, askari wa zamu aliwatazama kwa mashaka, nao wakamtazama vivyo hivyo. Mwenyekiti hakuondoka mpaka taarifa ilipoandikwa na wao wakapewa namba ya taarifa hiyo.

Bwana Miwani alipokuja kuchukua mzigo, askari waliokuwa wakimsubiri walimwomba kibali. Akapekua mifuko yote, akatoa kitambaa cha kufutia miwani. Ghala lake lilikutwa na masanduku yaliyoandikwa vipuri vya trekta. Ndani yalijaa risasi.

Oda ikafa, na wiki kadhaa zilikuwa ngumu. Kisha Nesi akawapeleka hospitalini, wakapata kazi ya kushona mashuka. Mdogo wake akapata chumba nyumba ya pili.

Sasa mafundi wa mtaa ule wana sheria moja: hawashiki mkasi kabla ya kujua nguo ni ya nani. Juzi mzee mmoja alileta suruali ipunguzwe.

"Nani ataivaa?" mdogo wake akamkazia macho.

"Mimi, mwanangu! Au kuna mwingine mwenye kitambi hiki?"

"Simama tukupime," akasema. "Tuhakikishe."