Afya Yako Wewe Unayesoma

"Mimi nasoma chochote chenye herufi," Yuliana alipenda kusema. "Mtaa mzima wa Rusimbi hakuna wa kunishinda." Kisha alishusha sauti. "Mradi herufi ziwe kubwa, jua liwe limewaka, na mwalimu asiwe karibu."

Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo. Alisoma mifuko ya unga. Alisoma kanga za majirani kwa sauti, mpaka wengine wakawa wanampita kinyumenyume.

Mumewe, Onesmo, alikuwa mvuvi wa dagaa. Yeye alisema hajui hata a. "Herufi kwangu ni nyayo za kuku," alisema. Feliksi, mdogo wake, naye hakusoma. Alitundika kalenda juu chini, na mwaka ukaisha vilevile.

Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa. Mitumbwi hulala mchangani na wavuvi hukaa nyumbani. Siku hizo ndugu hawa wawili walikunywa pombe kali ya vichupa. Kwanza walilamba kijiko cha mawese.

"Tunalipaka ini mafuta, shemeji," Feliksi alieleza. "Pombe ikija, inateleza."

Asubuhi moja Yuliana alichukua kichupa chao. Alisogea juani. Alisoma polepole, kidole kikifuata herufi.

"U-nywaji wa pombe kupita kiasi ni hatari kwa afya yako."

Feliksi aliweka kikombe chini. "Kaka, umesikia? Hatari."

"Afya ya nani?" Onesmo aliuliza.

"Wameandika yako," Yuliana alijibu.

"Basi ni yako wewe unayesoma! Mimi na Feliksi hatusomi. Sisi hawajatuambia kitu."

Feliksi alicheka mpaka akatokwa na machozi. Akakiokota kikombe chake. Yuliana naye alicheka, Mungu amsamehe.

Tangu siku hiyo ikawa salamu yao. Walipogonganisha vikombe, mmoja alisema, "Afya yako!" Mwingine alijibu, "Ya msomaji!"

Onesmo alikuwa na mchezo mmoja. Akinywa, alikwangua karatasi ya kichupa kwa ukucha. Kila mara alianzia palepale, kwenye yale maneno madogo. Yuliana aliona, lakini hakujali. Mlevi na ukucha wake, nani ana habari nao?

Mvua zilipokwisha, macho ya Feliksi yalikuwa ya manjano. Miguu ilivimba. Tumbo lilijaa kama ngoma.

"Shemeji," alisema, "nanenepa na wala sili. Wenye migahawa wasijue siri hii, watakosa wateja." Yuliana alijaribu kucheka. Safari hii kicheko hakikuja.

Alimwita jirani yao Catherine, muuguzi wa kituo cha afya. Catherine alimtazama mgonjwa macho, akambonyeza tumbo.

"Ini lako limeumia sana, kaka yangu. Twende hospitali leo hii."

"Lakini halijawahi kuniuma," Feliksi alisema.

"Ini halilii mapema. Likianza kulia, limeshachakaa."

"Na mawese, dada?"

"Mawese ni ya mboga. Hayazuii pombe kufika kwenye ini."

Onesmo alidakia kwa ukali. "Lakini kichupa kinasema kupita kiasi. Sisi tulikunywa kwa kiasi."

"Kiasi gani?"

Onesmo alikuna kichwa. "Kiasi chetu."

"Hapo ndipo wengi wanapopotea," Catherine alisema. "Kila mnywaji anaona aliyepita kiasi ni jirani. Hakuna kiasi kisicho na hatari kabisa. Ukinywa kidogo, hatari ni ndogo. Ukizidisha, inazidi. Usipokunywa, umejiepusha. Na ini likishaumia hivi, hata tone moja ni baya."

Feliksi alimgeukia kaka yake. "Kumbe walikuwa wanatuambia sisi," alisema taratibu.

Onesmo alitazama sakafu.

Hospitali walijitahidi. Feliksi alitapika damu, ikazuiwa, ikarudi. Alifariki mbalamwezi ikianza, siku ambazo wavuvi wote wapo nyumbani. Kwa hiyo walimzika watu wengi.

Baada ya msiba, Onesmo alivunja vichupa vyote. Kesho yake alianza kutetemeka na kutokwa jasho. Yuliana alimkimbilia Catherine.

"Vizuri umeniita," Catherine alisema. "Aliyezoea kunywa sana asiache ghafla akiwa peke yake. Anaweza kupata degedege, hata kufa. Aje kituoni, tumsaidie kuacha salama."

Onesmo alikwenda. Alipewa dawa, akarudi tena na tena kuzungumza na wahudumu. Mikono yake ilitulia. Akaweza kushona nyavu tena. Mbalamwezi ilipowaka, alikaa uani na mke wake, wakala ugali wa mhogo na samaki wa migebuka. Wenzake walimpigia kelele njiani: "Onesmo, afya yako!" Yeye aliingia ndani.

Siku moja walikwenda kaburini na msalaba mpya. Fundi alikuwa ameandika jina kwa rangi nyeusi. Onesmo aliusimamisha, akashindilia udongo kwa mguu. Yuliana alikuwa chini, anang'oa majani.

"Fundi huyu ametuharibia," Onesmo alisema kwa hasira. "Tazama, ameandika Feliski. Hata jina la marehemu! K ilitakiwa ije kwanza, ndipo S."

Yuliana aliacha kung'oa majani. Alisimama, akasoma kwa kidole, herufi moja moja. Ilikuwa kweli.

"Mume wangu," alisema, "nyayo za kuku ndizo zimekuambia hivyo?"

Onesmo aliusogelea msalaba.

"Na kile kichupa? Ulikuwa unakisoma tangu lini?"

Onesmo alikuwa amepiga magoti mbele ya msalaba, na ukucha wake ulikuwa umeshaanza kuikwangua ile S.